Pikipiki na Chumvi ya Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Pikipiki wa Malindi

Ukikaa nusu saa kwenye steji yoyote ya Malindi, iwe Maweni, Barani au kule njia panda ya Gede, utasikia ushauri wa pikipiki wa kila namna. Mwingine ni wa kweli, mwingine ni utani mtupu, na mwingine ni utani uliobeba ukweli ndani yake. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku. Vitabu vya watengenezaji vina majibu mazuri, lakini havikuandikiwa chombo kinacholala karibu na bahari. Kwetu sisi chumvi huua pikipiki nyingi kabla kilomita hazijaziua, na hilo ndilo linaloongoza majibu yote hapa chini.

Kwa nini pikipiki ya Malindi huzeeka kabla ya ile ya Nakuru iliyonunuliwa siku moja nayo?

Ni hewa. Kusi linapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, upepo hutoka baharini ukiwa umebeba matone madogo ya maji ya chumvi. Matone hukauka, chumvi hubaki. Pitisha kidole kwenye kioo cha taa ya mbele jioni ya mwezi wa sita, kisha kionje. Utaipata chumvi hata kama hukukaribia ufuo kutwa nzima. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na chuma hulala kimelowa bila mvua kunyesha.

Kwenye chuma utaona wekundu wa kutu. Kwenye injini na sehemu nyingine za alumini utaona unga mweupe, ambao wengi huufuta wakidhani ni vumbi la barabara. Huo ni alumini inayoliwa. Pabaya zaidi ni pale bolti ya chuma inapoingia kwenye alumini: chumvi ikikaa katikati, alumini huliwa upesi na bolti hung'ang'ania. Ndiyo sababu fundi akija kufungua kava la klachi baada ya miaka kadhaa, bolti hukatika kichwa. Kila bolti inayofunguliwa irudishwe na grisi kidogo kwenye nyuzi zake, na isikazwe kwa nguvu za hasira.

Niioshe mara ngapi? Na kwa maji gani?

Wakati wa kusi, mara mbili kwa wiki. Wakati wa kaskazi, mara moja inatosha, ila vumbi likizidi uongeze. Wanaobeba magunia ya chumvi kule Gongoni na Marereni waoshe kila jioni bila kungoja siku ya mapumziko.

Maji ndiyo jambo ambalo watu hawalifikirii. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha pikipiki kwa maji hayo ni kuipaka upya kile unachotaka kukiondoa. Fanya jaribio dogo: dondosha maji kidogo juu ya kiti cheusi, yaache yakauke juani. Yakiacha doa jeupe, yatumie kuondoa matope tu, halafu suuza kwa maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, au kwa maji ya mvua. Ndoo moja ya kusuuzia yatosha.

Acha injini ipoe kwanza. Ukienda kwa waoshaji wenye mashine, waombe wasielekeze mpira kwenye beringi za magurudumu, kabureta, swichi za mkononi wala cheni. Mashine ile ina nguvu ya kusukuma maji yapite sili na kufukuza grisi iliyokuwa ndani. Ukimaliza, washa, tembea kidogo, kandamiza breki taratibu mara kadhaa ili zikauke. Kuosha na kuiacha imelowa chini ya mwembe mpaka asubuhi ni nusu ya kazi.

Wenzangu wanasema nipake mafuta ya nazi kwenye cheni. Wananitania?

Wanakutania nusu. Mafuta ya nazi ni mafuta, na cheni iliyopakwa mafuta safi yoyote ina afadhali kuliko cheni kavu. Lakini yakipata joto la cheni huwa mepesi kama maji na kurushwa kwenye rimu, na yale yanayobaki huganda na kunata. Siafu nao watakuja, na hapo ndipo utani unapoanzia.

Tumia oili ya gia, ile nzito ya namba 90, au dawa ya cheni ukiipata. Kwanza safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, usitumie petroli. Pandisha kwenye stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, dondosha oili upande wa ndani wa cheni, pale inapopita chini. Subiri dakika chache, kisha futa yote ya juu kwa tambara. Oili yenye kazi ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Ya nje hukusanya mchanga tu, na mchanga wa Malindi ukichanganyika na oili huwa msasa.

Jambo moja halina utani kabisa: usiifute cheni injini ikiwa inawaka na gia imeingia. Wapo vijana waliopoteza vidole hivyo. Zima, toa ufunguo, zungusha kwa mkono.

Na oili chafu ya injini, je?

Kwenye cheni, hapana. Ina masizi na chembe za chuma zinazosaga. Wengine huinyunyiza chini ya pikipiki yote kuzuia kutu. Ukweli ni kwamba huzuia kutu kwa muda, ila hukamata mchanga, na tone likiingia kwenye breki za nyuma hutasimama utakapotaka kusimama. Pia ni mbaya kwa ngozi ya mkono na kwa udongo wa uani kwako. Tambara lenye oili mpya kidogo, likipitishwa kwenye fremu, spoki na miguu ya stendi kila baada ya kuosha, hufanya kazi ileile bila madhara hayo.

Cheni ikazwe kiasi gani?

Pikipiki nyingi za cc 100 mpaka 150 hutaka cheni icheze kama milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, lakini tazama kibandiko kwenye mkono wa nyuma au kitabu chake. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni iliyochakaa haichakai sawasawa. Pima pale ilipokaza zaidi.

Kosa kubwa la wabeba mizigo ni kuikaza mno wakiamini ndiyo nguvu. Ukipakia abiria au gunia, shokamzoba hushuka na cheni hujivuta yenyewe. Ikiwa ilikuwa imekaza tangu mwanzo, hakuna nafasi iliyobaki, na inayoumia ni beringi ya ndani ya injini. Alama za pande zote mbili za ekseli ya nyuma zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande. Ile klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofumba utangulie kule cheni inakoelekea.

Tazama na meno ya sproketi. Yakiwa yamepinda na kuchongoka kama pezi la papa, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni. Cheni mpya juu ya meno ya zamani huisha upesi sana, na pesa zako nazo.

"Boxer haitaki oili, yataka dua." Ni kweli?

Dua ni njema, na oili ni lazima. Utani huu umezaliwa kwa sababu pikipiki hizi za Bajaj Boxer huvumilia sana, hivyo mtu hupita miezi bila kubadilisha na bado yatembea. Yatembea huku ringi zinalika.

Pikipiki nyingi za ukubwa huo huchukua karibu lita moja tu, na ile lita moja inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa kazi ya boda ya kutwa kwenye joto letu, maoni yangu ni usizidishe kilomita 2,000. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, hizo ni siku 20. Kila wiki pima kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare: iwashe dakika chache, zima, subiri itulie, kisha tazama kidirisha au kijiti. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiendelee na safari.

Oili ya gari ni bei nafuu. Naweza kuitumia?

Usiitumie. Klachi ya pikipiki nyingi imezama ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi yaishi kwa msuguano. Utajua imeanza kuteleza pale injini inapolia juu lakini chombo hakikazi mwendo, hasa ukiwa na abiria. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2 (alama ya oili ya pikipiki), na unene unaotajwa kwenye kitabu chako. Kwa nyingi za hapa ni 20W-50.

Nunua chupa iliyofungwa, na ukishamaliza itoboe kabla ya kuitupa. Chupa nzima iliyookotwa jalalani hurudi dukani imejazwa oili iliyochujwa.

Nabeba samaki kutoka ufuoni. Kuna la zaidi?

Lipo kubwa. Maji ya samaki na barafu iliyoyeyuka ni chumvi iliyokolea, nayo hudondoka palepale: kwenye spoki za nyuma, breki ya nyuma, cheni na mkono wa nyuma. Tazama pikipiki ya mchuuzi wa samaki kutoka nyuma utaona madigadi imetoboka upande ule kreti inapovujia, na upande wa pili bado ina rangi ya kiwandani.

Tumia kreti isiyotoboka chini, au tandika karatasi nzito ya nailoni yenye kingo zilizopanda juu. Maji yamwage mwisho wa safari, mbali na gurudumu. Suuza sehemu ya nyuma kila siku. Mara moja kwa wiki gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia ting, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Zikilegea mbili tatu jirani, nenda kwa fundi siku hiyohiyo, kwa kuwa zilizobaki zinabeba uzito usio wao.

Asubuhi haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye swichi nyekundu ya kuzimia iliyoko mkononi. Kuibonyeza swichi ya mwenzako kimyakimya ndio utani mkongwe kuliko wote steji, na kila wiki yuko mtu anayepiga kiki mpaka jasho linamtoka.

"Ami, imekufa hii?"

"Haijakufa, mwanangu. Wamekuzimia."

Halafu tazama koki ya mafuta, na kama mafuta yapo tenkini. Yakiwa sawa hayo, injini inataka vitu vitatu: moto, mafuta na hewa. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe mwili wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha piga kiki. Ukiona cheche ya samawati yenye nguvu, moto upo. Cheche hafifu au hakuna kabisa, jaribu plagi nyingine, kisha angalia kofia: huku kwetu unyevu wa chumvi huingia ndani yake na kuvujisha umeme. Ifute ikauke.

Rangi ya plagi nayo inasema mengi. Hudhurungi ni afya. Nyeusi kavu, petroli ni nyingi au filta ya hewa imeziba kwa ule udongo mwekundu wa Magarini. Nyeusi yenye mafuta, injini inakula oili. Nyeupe, injini inachemka au inavuta hewa kupita kiasi, na hiyo usiicheleweshe.

Moshi unamaanisha nini?

Wa samawati ni oili inaungua: ringi au sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mwepesi asubuhi unaopotea baada ya muda ni mvuke tu.

Niliambiwa breki ya mbele hurusha mtu, niikate. Ni sawa?

La, si sawa hata kidogo, na hili natamani kila kijana anayeanza boda alisikie. Unapofunga breki kwenye lami, uzito mwingi husukumwa mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Anayeikata breki ya mbele amejiongezea mita nyingi za kusimama, na katika mita hizo kuna mtoto anayevuka kwenda madrasa.

Kinachorusha mtu ni kuikamata ghafla, au kuikamata kwenye mchanga ulioletwa barabarani na upepo. Bana kwa vidole viwili, ongeza nguvu kidogokidogo, tumia na ya nyuma pamoja. Kwenye mchanga, legeza ya mbele na utegemee ya nyuma. Jizoeze mahali peupe pasipo na watu. Kama pikipiki yako ina breki ya diski, mafuta yake hunyonya unyevu, yabadilishwe kila miaka miwili kwa namba iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Upepo wa tairi uwe kiasi gani, na mishikaki?

Kwa pikipiki nyingi za aina ya Boxer, kama PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Pima tairi ikiwa baridi. Unaponunua tairi, soma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi iliyokaa dukani juani miaka mingi hupasuka hata kama meno ni mapya.

Mishikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, hakuna tairi iliyotengenezewa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu marekebisho ya 2012, inaruhusu abiria mmoja tu, na dereva na abiria wote wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Helmeti iliyopigwa chini kwa kishindo imeshafanya kazi yake, nunua nyingine.

Betri yangu huota unga wa kijani na mweupe.

Toa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji, suuza, kausha, funga (chanya kwanza safari hii), kisha paka mafuta ya mgando juu ya vichwa. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka ipande mpaka 14 na ushei. Isipopanda, tatizo liko kwenye kuchaji, usinunue betri mpya bure. Zile taa za rangirangi na honi ya lori ndizo huwa za kwanza kuinyonya.

Petroli ya chupa ya kando ya barabara ina ubaya?

Umekwama, weka nusu lita ufike kituoni. Usiifanye desturi. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli kulikuwa kumezagaa nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Injini ikianza kugongagonga na kutoa moshi baada ya kujaza, umeshajua.

Nimepita kwenye mafuriko.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilitufundisha, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipofunikwa na maji. Maji yakifika kwenye sanduku la filta ya hewa, usipige stata. Fungua filta, tazama oili, kausha. Maji yaliyopita chini ya hapo, kausha breki na upake cheni oili siku hiyohiyo.

Naweza kuendesha ufuoni? Mchanga ukiwa umekaza ni raha.

Usiendeshe. Mchanga ule una maji ya chumvi, nayo hurushwa moja kwa moja ndani ya beringi. Tena pwani yetu kasa hupanda kutaga, na hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968. Gurudumu likipita juu ya kiota hakuna anayejua.

Fundi mzuri nitamjuaje?

Hufungua kwa spana ya saizi yake, hakimbilii nyundo na patasi. Hukuuliza maswali kabla ya kufungua. Hukurudishia kipuri cha zamani bila kuombwa. Wako asipofanya hivyo, mwambie kwa adabu: "Fundi, naomba nikione kile ulichotoa." Mwenye kazi safi hachukii.

Na pikipiki za umeme?

Hazina oili ya injini, plagi wala kabureta. Breki, tairi na beringi ni zilezile, na zenye cheni wasia wake ni uleule. Zaidi ya zote linda viunganishi vya nyaya: muulize muuzaji vimezibwaje dhidi ya unyevu wa chumvi kabla hujatoa pesa.

Naivusha kwa boti kutoka Mokowe kwenda Lamu. Na ikianguka majini?

Kwa safari ya kawaida, funga koki, isimamishe wima, ifunge kamba pande mbili, ziba ekzosi na mdomo wa hewa kwa nailoni, na uisuuze ukifika. Usisahau kuondoa nailoni kabla ya kuwasha.

Ikianguka baharini, usijaribu kuiwasha hata mara moja. Toa betri. Mwaga petroli yote ya tenki na kabureta, mwaga oili ya injini. Suuza pikipiki nzima kwa maji mengi yasiyo na chumvi, pamoja na viunganishi vya nyaya, vipulize vikauke. Chomoa plagi, piga kiki polepole mpaka maji yaishe kwenye silinda, kisha tia oili kidogo kwenye tundu la plagi. Jaza oili ya bei nafuu ya pikipiki, rudisha plagi, weka petroli safi, iwashe dakika chache, imwage oili hiyo na ujaze nyingine. Ikiwa bado ina weupe, rudia. Yote haya yafanyike siku hiyohiyo, hata kama ni kwa taa ya simu. Ikilala na chumvi ndani, ringi huanza kushika kutu kwenye ukuta wa silinda, na kesho yake utakuwa unatafuta pesa za kufungua injini yote.